Ufunguzi wa kale kwenye chesi: lini unamshtua mwenzako, lini unakuumbua

Kijana aliniamkia, "Shikamoo mzee," akapanga kete zake, akazima simu na kuitia mfukoni. Bado sijafika hamsini, ila kwenye chesi mwenye mvi mbili tatu ni mzee, kwa hiyo niliitikia marahaba na kumsukuma askari wa mfalme hadi e4 (kila nyumba ya ubao huitwa kwa herufi, a hadi h, na namba, 1 hadi 8).

Kijiwe chetu kiko Makole, hapa Dodoma, chini ya mwarobaini. Kuna mbao mbili za drafti na mmoja wa chesi, na siku za Jumamosi watu wa drafti hupiga kelele kwa niaba yetu sote. Kijana huyu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amenisoma. Alinieleza baadaye bila aibu: aliingia Lichess, ile tovuti ya bure tunayochezea wengi, akapekua michezo yangu mmoja mmoja, akagundua kwamba nikiwa na nyeupe sina lingine zaidi ya ufunguzi wa Kihispania, yaani farasi f3 kisha askofu b5. Akakesha na programu ya chesi, akayakariri majibu hadi hatua ya kumi na nane.

Basi kwa e4 akajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Nikamshika askofu, nikampeleka c4 badala ya b5. Akatabasamu, akaweka wa kwake c5. Hapo nikamsukuma askari wa b nyumba mbili, hadi b4, nikampa amle bure.

Aliutazama ubao kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni. Tulikuwa na dakika thelathini kila mmoja, na hatua hiyo moja ilimla dakika kumi na moja.

Alichokutana nacho kinaitwa Gambiti ya Evans; gambiti ni ufunguzi wa kutoa kete makusudi ili upate faida baadaye. Aliyeibuni ni William Davies Evans, nahodha wa meli kutoka Wales, na mchezo wake wa kwanza unaojulikana ulichezwa London mwaka 1827. Ni kitu chenye umri wa karibu miaka mia mbili, kimeandikwa kwenye vitabu chungu nzima, na programu yoyote ya simu inakijua. Sasa inakuwaje jambo linalojulikana hivyo limshtue mtu aliyekesha akijiandaa?

Jibu liko kwenye namna watu wanavyojiandaa siku hizi. Stockfish, programu isiyolipiwa hata senti, inamzidi bingwa wa dunia kwa mbali, na inakaa kwenye simu ya kawaida. Mtu akitaka kujua hatua bora katika hali fulani, anaipata kwa sekunde chache. Lakini siku ya mchezo simu inazimwa, na kinachobaki ni kile kilichoingia kichwani. Kichwa nacho kina nafasi ya kiasi chake, kwa hiyo kila mchezaji hukariri yale anayotarajia kukutana nayo. Mwenye shamba la zabibu hapa Dodoma hupeleka maji kwenye mizabibu. Hakuna anayemwagilia mbuyu. Ufunguzi wa kale ndio mbuyu wenyewe. Kila mtu anajua upo, kila mtu anaupita, na siku akitakiwa kuupanda anakuta hajui pa kushika.

Kuna na suala la tarakimu. Programu hupima hali ya mchezo kwa kipimo cha askari: moja kamili maana yake uko mbele kwa thamani ya askari mmoja. Kwa kuwa nyeupe ndiyo inayoanza, mwenye nyeupe akicheza ufunguzi wa kisasa kwa usahihi hubaki na faida ndogo, sehemu tatu hivi za kumi ya askari. Akicheza Evans, faida hiyo inayeyuka na mizani inakaa sawa. Kwa wakubwa wa dunia hasara ya sehemu tatu za kumi ni kubwa. Kwetu sisi ambao mtu anaweza kumsahau farasi mzima akiwa anageuka kununua karanga, sehemu tatu za kumi hazionekani hata kwa darubini. Kinachoonekana ni dakika kumi na moja zilizokwenda.

Hadi hapo mambo ni matamu, na hapa ndipo wengi hupotea. Wakishaona ujanja umefanya kazi mara moja, wanachimbua chochote chenye vumbi. Nguo za zamani haziko sandukuni kwa sababu moja: nyingine iliwekwa kwa kuwa imechanika, nyingine kwa kuwa fasheni ilipita. Kabla hujaivaa, uliza iliwekwa kwa nini.

Iliyochanika kabisa ni Ulinzi wa Damiano. Mwenye nyeupe anacheza e4, mwenye nyeusi e5. Farasi anakuja f3 kumtishia askari, na mwenye nyeusi anamlinda kwa kusukuma f6. Pedro Damiano alikuwa mfamasia Mreno, na kitabu chake kilichapwa Roma mwaka 1512. Kinachochekesha ni kwamba hatua hiyo aliikemea, historia ikaamua kumbebesha jina lake. Na alikuwa na haki ya kuikemea: farasi anamla askari wa e5, na ukimla farasi huyo, malkia anatoka hadi h5 na kumcheki mfalme, yaani kumtishia kumla. Ukiziba kwa g6, malkia anamla askari wa e5 kwa cheki nyingine na ngome yako ya h8 imekwenda. Ukimkimbiza mfalme e7, anaburutwa katikati ya ubao kama mbuzi wa mnada. Ufunguzi kama huu humshtua mwenzako kwa sekunde tano, kisha anafurahi.

Gambiti ya Mfalme, ambapo baada ya e4 na e5 mwenye nyeupe anasukuma f4, ni kesi ngumu zaidi. Karne ya kumi na tisa ilikuwa ndiyo chesi yenyewe. Mwaka 1851 huko London, Adolf Anderssen aliicheza dhidi ya Lionel Kieseritzky, akatoa kafara ngome zote mbili, askofu na malkia, kisha akamfunga mfalme kwa vikete vilivyobaki. Mwaka 1960 Boris Spassky aliitoa sandukuni mjini Mar del Plata akamshinda nayo Bobby Fischer, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na saba; wote wawili walikuja kuwa mabingwa wa dunia. Fischer alirudi nyumbani na hasira, na mwaka 1961 akachapisha makala akitangaza kwamba gambiti hiyo inashindwa kwa lazima. Dawa yake ilikuwa hatua ndogo: baada ya kumla askari wa f4 na mwenye nyeupe kuleta farasi f3, mwenye nyeusi asukume d6 tu, ili baadaye askari wake wa g akimfukuza farasi huyo, asipate kurukia e5.

"Kwa lazima" ilikuwa chumvi, na Fischer mwenyewe aliithibitisha, maana miaka michache baadaye aliicheza gambiti hiyohiyo kwenye ubingwa wa Marekani na kushinda. Hata hivyo programu za leo zinamuunga mkono nusu: mwenye nyeusi akijua anachofanya, yeye ndiye yuko juu kidogo, kwa sababu kusukuma f4 kunamwachia mfalme mweupe mlango wazi. Mimi naiita nguo yenye tundu. Ukiivaa kwenye mchezo wa dakika tano hakuna atakayeliona tundu. Ukienda nayo kwenye mchezo wa saa tatu dhidi ya mtu mtulivu, ataliona, na ataingiza kidole.

Evans ni kitu kingine. Mantiki yake inaeleweka hata na mtu wa drafti: unamlisha mwenzako kete moja ili akila awe amepoteza zamu. Askofu mweusi akishamla askari wa b4, unasukuma c3, naye inabidi akimbie. Kisha unasukuma d4 na katikati yote ni yako, maaskofu wamefunguka, na mfalme wake bado yuko nyumbani. Kwa miaka sitini sabini watu walichinjwa namna hiyo. Ule mchezo wa Anderssen na Dufresne, Berlin mwaka 1852, ambao bado unaonyeshwa kwa kila anayejifunza, ulianza kwa Evans.

Aliyeifunga sandukuni ni Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, na alifanya hivyo bila kishindo. Wenzake walikuwa wakimng'ang'ania yule askari waliyempata bure kama fisi na mfupa. Lasker alisema kwa vitendo: mrudishe. Askofu akishafukuzwa na c3 anakwenda a5. Baada ya d4 mwenye nyeusi anasukuma d6. Na mwenye nyeupe akimhifadhi mfalme wake pembeni, ile hatua moja ya mfalme na ngome kusogea pamoja, askofu anarudi b6. Sasa mwenye nyeupe akitaka askari wake arudi, askari wanalana katikati, malkia wanabadilishana, naye anamchukua askari wa e5. Hesabu ya kete ni sawa. Lakini tazama alichobaki nacho: askari wake wa a na wa c wamesimama peke yao, hakuna jirani wa kuwalinda, na shambulio ambalo ndilo lililokuwa sababu ya kafara yote halipo tena, kwa sababu malkia hayupo. Hakuna aliyekufa hapo, ila raha yote imekwisha. Wachezaji wa nyeupe waliona hakuna biashara, wakahamia kwingine.

Kwa hiyo Evans haikuvunjwa. Ilichosha. Na iliyochosha ndiyo ya kuitafuta, kwa sababu ukiivaa leo hupati hasara, unakosa faida tu, na mwenzako hana hatua moja ya kukuangamiza anayoweza kuipata kwa bahati. Garry Kasparov alilielewa hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 1995 mjini Riga, akiwa bingwa wa dunia, aliitumia Evans dhidi ya Viswanathan Anand, mtu aliyekuwa akijiandaa kumpinga katika pambano la ubingwa miezi michache mbele. Anand alimrudisha askofu e7, njia tulivu, na Kasparov naye akajibu kwa kumrudisha askofu wake hadi e2, hatua ambayo wengi wasingeifikiria. Anand alisalimu amri kwenye hatua ya ishirini na tano.

Haukuwa mzaha wa siku moja. Mwaka 1990, kwenye pambano la ubingwa na Anatoly Karpov, bingwa aliyemtangulia, Kasparov alileta Mchezo wa Kiskoti, ambapo hatua ya tatu ya mwenye nyeupe ni d4 na askari wanalana papo hapo. Jina hilo limetokana na miji ya Edinburgh na London kuchezeana kwa barua kati ya 1824 na 1828. Fikiria kungoja siku kadhaa ujue askofu amekwenda wapi. Wakubwa walikuwa wameiacha kwa hoja kwamba inamfungulia mwenye nyeusi njia mapema mno. Kasparov aliitumia mchezo wa kumi na nne ukawa sare, akaitumia tena wa kumi na sita akashinda baada ya hatua mia moja na mbili. Baadaye Kiskoti kikawa fasheni tena. Siku hizi ukikicheza hapa Makole hakuna anayenyanyua nyusi.

Kasparov mwenyewe naye alikuja kupigwa kwa fimbo yake. London, mwaka 2000, Vladimir Kramnik, mpinzani wake wa ubingwa, alimjibu Kihispania kwa Ulinzi wa Berlin, kitu cha karne ya kumi na tisa ambacho malkia wanaondoka ubaoni kwenye hatua ya nane na mfalme mweusi anapoteza haki ya kuhifadhiwa. Kwa macho unasema mwenye nyeusi ameonewa. Lakini ana maaskofu wote wawili na hana mahali panapovunjika. Kasparov, aliyeishi kwa mashambulizi ya malkia, aligonga ukuta huo pambano zima. Michezo kumi na mitano hakushinda hata mmoja, akapoteza taji kwa 8.5 dhidi ya 6.5. Hapa kuna jambo ambalo hupotea watu wakizungumzia kushtua. Kramnik hakumshtua kwa siku moja. Baada ya mara ya kwanza Kasparov alijua Berlin inakuja, alikuwa na wasaidizi na usiku mzima wa kujiandaa, na bado hakupenya. Kilichomuumiza ni aina ya mchezo: alilazimishwa kukaa kwenye kiti asichokipenda.

Hivyo ukichagua, anza kwa mwenzako kabla ya kufikiria nguo. Kijana wa programu, aliyezoea kushambulia, mpe kitu kinachoondoa malkia mapema. Mzee wa drafti aliyehamia chesi, anayependa kubana na kungoja, mlishe askari na umfungulie ubao. Mimi kwa muda mrefu nilifanya kinyume, nikicheza gambiti dhidi ya watu wanaoishi kwa gambiti, halafu nikishangaa mbona wanafurahia.

Lipo na suala la ridhaa. Ufunguzi mwingi wa kale hauchezwi na mtu mmoja, lazima mwenzako akubali kukusindikiza. Hesabu ridhaa. Evans inahitaji akujibu e5, kisha amtoe farasi c6, kisha amweke askofu c5, ridhaa tatu. Akimtoa farasi f6 badala ya askofu, b4 yako imebaki kichwani. Kiskoti kinahitaji mbili. Ufunguzi wa Vienna, unaomtoa farasi c3 kwenye hatua ya pili, unahitaji moja tu, ndiyo maana umerudi kwa fujo kwenye intaneti na sasa kila mtoto anajua kwamba baada ya farasi f6 na f4, jibu ni d5. Anayecheza nyeusi ana bahati zaidi. Ulinzi wa Skandinavia, e4 unajibiwa d5 mara moja, unahitaji mwenye nyeupe aanze na e4 tu, basi. Umri wake unatisha: mchezo wa zamani kabisa unaojulikana kwa sheria hizi za leo, ulioandikwa ndani ya shairi huko Valencia karibu na 1475, ulianza hivyo.

Anand aliutumia dhidi ya Kasparov katika pambano lao la New York, mwaka uleule wa 1995, mchezo wa kumi na nne. Kasparov alishtuka, na Anand akapata nafasi nzuri ajabu kwa mwenye nyeusi. Kisha akaupoteza mchezo. Nafasi nzuri alipewa na ufunguzi, hatua zilizofuata alitakiwa azipate mwenyewe.

Hilo lilinikuta na mimi, kwa ukubwa wa Makole. Ile Jumamosi ya kwanza kijana alimla askari wa b4, akajikanyaga, saa ikamwishia akiwa na mfalme uchi. Nilinunua soda ya watu wanne, nikatembea kama mbunge aliyeapishwa jana. Mzee mmoja wa drafti, ambaye chesi huiita "drafti ya wasomi", aliniambia, "Mwanangu, ukimlisha mtu kete jana, kesho anakuja na sahani." Nikacheka.

Wiki tatu baadaye tukakaa tena. Askofu c4, askofu c5, nikasukuma b4 kwa mbwembwe. Akala. c3, akaenda a5. d4, akasukuma d6. Hapo dawa ilikuwepo na nilikuwa nimeisoma: malkia anatoka b3 kwanza, anamkodolea macho askari wa f7, na mpango wa Lasker haupati nafasi ya kutulia. Lakini mkono ulishazoea, nikamhifadhi mfalme bila kufikiri. Askofu wake akarudi b6 kabla sijaondoa kidole kwenye kete. Alikuwa ametumia chini ya dakika moja kwa hatua zote hizo. Malkia wakaondoka, nikabaki na wale askari wangu wawili wapweke, a na c, na akawatafuna taratibu, mmoja hatua ya thelathini na kitu, mwingine muda mfupi baadaye.

Akiba haiozi, wanasema, lakini kanga ya sandukuni ukiianika kila Jumamosi hata mende wanaifahamu. Tangu hapo sijifunzii kitu kipya kwenye akaunti ambayo kila mtu anaiona. Nacheza na programu peke yangu usiku, upepo wa Dodoma ukipiga mabati. Wala sikariri tena mistari mirefu. Najiuliza mwenzangu akiikataa zawadi itakuwaje: kwenye Evans, kwa mfano, askofu akirudi b6 bila kula, nasukuma a4, naye lazima amtafutie askofu wake pa kukimbilia, kwa kawaida kwa a6. Akiipokea kisha akairudisha, je? Na malkia wakiondoka, nani anafurahi? Swali hilo la mwisho ndilo lingeniokoa, nami ndilo nililolisoma juu juu, kwa sababu hakuna anayefungua sanduku la gambiti akiwaza mchezo wa askari na wafalme.

Muda nao unataka heshima. Kwenye mchezo wa dakika kumi mshtuko una meno. Mtu hana pa kukaa afikiri. Kwenye saa moja na nusu, mchezaji mwenye akili timamu anakunywa maji, anahesabu, anapata jibu la kutosha. Wapo wanaoungua muda hata hapo, kwa kuwa wanatafuta mtego ambao haupo. Siwezi kuwategemea.

Mwezi uliopita nilijiandaa kama sijawahi. Evans ya malkia b3, Kiskoti kama akiba, hata kale ka-Vienna nilikapitia kwa dharura. Nilifika mapema, nikafuta vumbi ubaoni, nikapata nyeupe. Nikasukuma e4.

Kijana akanitazama, akamshika askari wa c, akampeleka nyumba mbili hadi c5. Ulinzi wa Sisilia.

"Mzee," akasema, "leo nimeona tusile kabisa."